Nani Aliyeliamsha Dubwana?

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, katiba na mwenendo wa vyama vyetu. Leo naomba ruhusa ya kuzungumzia madubwana ya sinema, na namwomba msomaji asidhani kwamba nimeiacha siasa mlangoni.

Tangu mwaka 2014 kampuni ya Legendary ya Marekani, ikishirikiana na Warner Bros., imekuwa ikijenga ulimwengu mmoja wa hadithi uitwao MonsterVerse. Humo wamo Godzilla, mnyama wa kale atokaye baharini akiwa na kimo cha ghorofa nyingi, na Kong, sokwe mkubwa kupita kiasi mwenye kisiwa chake. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka huo wa 2014. Ikafuatwa na nyingine mwaka 2017, 2019, 2021 na 2024. Mwaka 2023 ziliongezwa tamthilia ya televisheni na katuni ya mfululizo. Vitabu vya picha, michezo ya kompyuta na midoli vinafuata nyuma ya msafara huo. Ni biashara kubwa ya dunia, nayo imekwisha kufika pwani yetu, katika simu za vijana na katika vibanda umiza vya vijijini.

Kwa nini mwalimu wa siasa ajishughulishe nayo? Kwa sababu kila hadithi ya dubwana, ya Japani au ya Unguja, hubeba ndani yake kesi. Mji umebomolewa, watu wamekufa, mali imeteketea. Lazima kuwe na jibu la swali la nani aliyeliamsha dubwana hilo, nani aliyelilea, na nani aliyelipuuza lilipokuwa dogo. Mwenye kusimulia ndiye anayeamua nani asimame kizimbani. Nitaonyesha kwamba swali hilo lilikuwa hai katika hadithi ya kwanza ya Godzilla, kwamba limefifizwa katika mfululizo wa sasa, na kwamba sisi wa pwani ya Tanga tunalihitaji kuliko tunavyohitaji sinema yoyote.

Tuanze na mwaka 1954. Tarehe 1 Machi ya mwaka huo Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilifikia megatoni 15, yaani takribani mara elfu moja ya bomu lililoiteketeza Hiroshima. Chombo cha wavuvi wa Kijapani kiitwacho Daigo Fukuryu Maru, chenye mabaharia 23, kilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Hata hivyo majivu meupe yenye sumu ya mionzi yaliwaangukia wavuvi hao wakiwa kazini. Walirudi nyumbani wagonjwa, na samaki waliokuwa wamewavua wakazua hofu katika masoko ya nchi nzima. Mwezi Septemba mwenye kazi ya redio katika chombo hicho, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia.

Filamu ya kwanza ya Godzilla ilionyeshwa tarehe 3 Novemba mwaka huohuo. Ilitolewa na kampuni ya Toho na kuongozwa na Ishiro Honda, aliyekuwa mateka wa vita nchini China na ambaye, alipokuwa akirejea kwao baada ya vita, aliipita Hiroshima na kuyaona magofu yake kwa macho. Mtazamaji wa Tokyo hakuhitaji kuelezwa lolote pale filamu ilipoanza kwa vyombo vya baharini kuangamia katika mwako wa ghafla. Alijua ni wavuvi gani waliokuwa wakikumbukwa. Ndani ya filamu jibu la kesi linatajwa waziwazi: mnyama yule wa kale alikuwa akiishi kwa utulivu vilindini mpaka majaribio ya bomu la haidrojeni yalipomfukuza katika makao yake.

Yako mambo mawili katika filamu hiyo ambayo napenda wanafunzi wangu wayazingatie. La kwanza ni kijiji cha wavuvi katika kisiwa kiitwacho Odo. Samaki wameadimika, na mzee mmoja wa kijiji anasema kwamba kuna jambo chini ya bahari, vijana wanamcheka. Lakini baada ya maafa, wanakijiji wale wanasafiri mpaka mji mkuu kutoa ushahidi wao mbele ya viongozi. Wavuvi wanasema na bunge linasikiliza. Jambo la pili ni mjadala wa bungeni baada ya kubainika kwamba bomu ndilo chanzo. Mwanasiasa mmoja anataka habari ifichwe isije ikaharibu uhusiano na mataifa mengine na kuwatia raia hofu. Wanawake waliomo ukumbini wanampinga kwa sauti, wakitaka ukweli utangazwe. Hapo dubwana bado halijaufikia mji, na tayari filamu imetuonyesha siasa yote ya maafa: anayejua, anayetaka kuficha, na anayedai kuambiwa.

Sasa tuitazame filamu ya 2014, iliyofungua MonsterVerse. Bomu la 1954 limo. Lakini safari hii tunaelezwa kwamba yale hayakuwa majaribio hata kidogo. Yalikuwa juhudi za siri za kumuua mnyama aliyekwisha kuonekana. Tafakari, ndugu msomaji, uzito wa badiliko hilo dogo. Katika hadithi ya Honda bomu lilizaa balaa. Katika hadithi mpya balaa lilitangulia, na bomu likaja kuwa kinga. Mshitakiwa ameshuka kizimbani na kuvikwa sare ya askari mlinzi. Wavuvi 23 wametoweka katika maelezo, kwani bomu likishakuwa la uokozi, majivu yake hayana wa kuyajibia. Na katika filamu ya 2019 bomu la nyuklia linatumika kama dawa ya kumrudishia Godzilla nguvu ili aokoe dunia.

Haki inanitaka niseme pia lililo upande wa pili. Si kila filamu ya mfululizo huu imelisahau swali. Ile ya 2017, ihusuyo kisiwa cha Kong, inasimulia wageni wanaofika kwa helikopta mwaka 1973, vita vya Vietnam vikielekea ukingoni, na kudondosha mabomu ardhini kwa hoja kwamba wanapima miamba kwa ajili ya sayansi. Kong anawashambulia, na baadaye tunafahamu kwamba mabomu yale yamewachokoza viumbe wabaya zaidi walioko chini. Hapo lawama imewekwa mahali pake. Na Wajapani wenyewe hawakuwa watakatifu: Toho iliyomzaa Godzilla ndiyo iliyompambanisha na Kong kwa mara ya kwanza mwaka 1962 katika filamu ya mzaha, na ikaendelea kumgeuza kuwa mchezaji wa mieleka wa kuwafurahisha watoto. Biashara hulainisha hadithi popote ilipo.

Hata hivyo katika filamu hiyo ya 2017 kuna jambo linalonisumbua kuliko yote. Kisiwa cha Kong kina wenyeji wake, watu waitwao Iwi. Wamejenga ukuta, wana desturi, wanamjua Kong kuliko yeyote. Lakini hawasemi neno. Kutoka mwanzo mpaka mwisho wa filamu wao ni watu wa kutazama tu, na habari zao tunaelezwa na rubani wa Kimarekani aliyekwama kisiwani tangu vita kuu ya pili. Wanaporudi katika filamu ya 2024 bado ni kimya. Linganisha na wanakijiji wa Odo waliokwenda kusema mbele ya bunge. Katika miaka 63 kati ya filamu hizo mbili, mwenyeji wa kisiwa amenyang'anywa kauli, na wachache tu waligundua.

Nilibahatika kuitazama filamu hiyo ya Kong katika kibanda umiza, katika safari zangu za Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mto Pangani. Ilikuwa ile nakala yenye sauti ya mtafsiri juu yake, kwa mtindo ambao Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliujengea jina hapa nchini, na ambao DJ Afro ameupa umaarufu kule Kenya. Wasomi wengi huidharau kazi hiyo. Mimi siku ile niliona thamani yake. Iwi walipojitokeza wamejipanga, wanawatazama wageni bila kufungua kinywa, mtafsiri hakuvumilia. Akawatilia maneno mdomoni: "Nyie, rudini mlikotoka, hapa pana wenyewe!" Kibanda kizima kikalipuka kwa vicheko na makofi. Mtu asiyejulikana, mwenye kipaza sauti cha bei rahisi, alikuwa amewarudishia watu wa kisiwa haki ambayo wenye filamu waliwanyima.

Tulipotoka nilimwamkia mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa nje akishona wavu, nikamweleza kwa kifupi tulichokitazama. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mwalimu, hilo jitu lao limeamshwa kwa bomu moja, na wao wametengeneza picha tele. Sisi hapa bahari yetu imepigwa baruti tangu mimi kijana. Nani katengeneza picha yetu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyoniketisha kuandika makala haya. Picha yetu ipo, tena ni ya kale kuliko Hollywood. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha mjini London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizozipata Unguja. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka yule alianza kwa kula mifugo ya watu. Kila mara watu walipokwenda kushitaki, sultani aliwajibu kwamba paka ni mali yake na aliyeliwa ni mali yake vilevile, basi hapana kesi. Paka akapanda daraja kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa, kisha akaanza kula watu, na jibu la ikulu likabaki lilelile. Hatimaye paka akahamia porini, akawa nunda, mla watu, na siku moja akawarukia wana wa sultani mwenyewe na kuwaua. Hapo ndipo sultani alipotambua kwamba yule si paka tena.

Naamini hakuna hadithi ya dubwana iliyo wazi zaidi kisiasa kuliko hiyo. Nunda hakutoka vilindini wala angani. Alilelewa ikulu, akashibishwa mali ya raia, akalindwa kwa kauli ya mwenye mamlaka mpaka akawa mkubwa kuliko mamlaka yenyewe. Na sehemu ya pili ya hadithi ina funzo jingine. Mwana mdogo wa sultani anaapa kumtafuta nunda. Anakwenda porini, anaua mnyama, anamburuta mpaka nyumbani kwa shangwe. Mama yake anamwambia huyu siye. Anarudi tena na mwingine mkubwa zaidi, na jibu ni lile lile, mara nyingi, mpaka siku anapompata nunda wa kweli. Ndani ya mama yule mna ofisa wa aina tunayoihitaji, asiyekubali takwimu za ushindi mpaka aone mzoga wenyewe.

Sasa tuurudie mwambao. Uvuvi wa baruti umeijeruhi pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Bomu moja huua kila kilichomo katika duara lake, kikubwa na kichanga, cha kuliwa na kisicholiwa, na huvunja matumbawe ambayo huchukua miongo kurudi, kama yatarudi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inaukataza. Operesheni za miaka ya karibuni zimeupunguza sana, na waliozifanya wanastahili shukrani. Lakini tujiulize kama yule mama: tuliowaburuta mpaka mahakamani ni nani? Aghalabu ni kijana wa ngalawa, mwenye kaptula iliyoloa, asiye na wakili. Yeye ana hatia, sikatai. Lakini baruti ya viwandani hutengenezwa kwa ajili ya migodi, machimbo ya mawe na barabara, haioti mikokoni. Ipo mikono iliyoitoa ghalani, iliyoisafirisha, iliyoiuza, na ipo mikono iliyonunua samaki waliopasuka matumbo sokoni bila kuuliza. Tukimfunga kijana na kutangaza kwamba nunda ameuawa, tumeburuta swala.

Mbele ya Ushongo, kilomita chache baharini, kuna Maziwe. Kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, nacho kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na fukwe ambazo kasa walipanda kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimeliwa na mawimbi. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari ikijaa. Waliouchunguza mkasa huo wanataja kukatwa kwa miti na mimea iliyoushika mchanga, pamoja na nguvu za mawimbi na mabadiliko ya bahari. Kasa hawakupata taarifa. Wanaendelea kuja usiku kutaga katika mchanga ambao maji yataufunika, na kwa hiyo mayai yao huchukuliwa kwa mashua na kufukiwa upya katika ufuko wa Ushongo, ambako watoto wa kasa huanguliwa na kushuka baharini. Watu wanaosafirisha mayai ya mnyama kutoka kisiwa kilichopotea wanafanya kazi ya heshima kubwa. Lakini kazi hiyo ni malipo ya deni ambalo mkopaji wake hatajwi.

Kaskazini zaidi kuna kiumbe anayestahili filamu kuliko Godzilla. Samaki aitwaye silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mwaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Mwaka 1952 akapatikana wa pili katika visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua tangu hapo kwa jina la gombesa. Kuanzia mwaka 2003 na 2004 walianza kunaswa Tanzania, wengi wao Tanga, katika jarife zilizotegwa kwenye maji yenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoanzia kaskazini ya mto Pangani. Mnyama wa kale kutoka vilindini amejitokeza kwetu kwa kweli. Hakubomoa mji. Alikuja amekufa ndani ya wavu, na kuja kwake kulitueleza kwamba wavu umelazimika kushuka chini kuliko zamani. Katika hadithi yetu anayeamshwa kutoka vilindini ndiye anayeuawa.

Hapa naomba niseme kama mtu anayesahihisha insha. Kiswahili kimetupa kauli mbili zilizo jirani sana. Kauli ya kutendwa husema "matumbawe yamevunjwa", na papo hapo msikilizaji huuliza: na nani? Kauli ya kutendeka husema "matumbawe yamevunjika", na swali linakufa kabla ya kuzaliwa. Soma taarifa nyingi za umma kuhusu mazingira, utaona tunaishi katika kauli ya pili. Samaki wamepungua. Miti imekatika. Kisiwa kimemomonyoka. Maji ya chumvi yamepanda mtoni. Utadhani bahari na misitu vimekaa kikao usiku na kuazimia kujiharibu. Mtumishi wa umma aandikaye hivyo mara nyingi hana nia mbaya. Anafuata mtindo alioukuta. Lakini mtindo huo hufanya kazi ileile iliyofanywa na waandishi wa filamu ya 2014: hulitanguliza balaa na kumwondoa aliyelileta.

Pangani yenyewe inaijua hila hii kwa muda mrefu. Mwaka 1888 wakazi wa mwambao walipoinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotaka kutwaa forodha na bendera, vita ile ilielezwa huko Ulaya kuwa ni uasi wa Waarabu wafanyabiashara ya watumwa. Kwa maelezo hayo dubwana lilikuwa Abushiri bin Salim, na Wissmann aliyekuja na jeshi akawa mwokozi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Naye hakuwa malaika, na biashara ya watumwa katika bandari ile ni aibu ya kweli tusiyopaswa kuipaka chokaa. Lakini walioinuka walikuwa mchanganyiko mkubwa wa watu wa mwambao na bara, wenye sababu zao, na kilichowainua ni vitendo vya kampuni. Tunaweza kulisema hilo leo kwa uhakika kwa sababu wapo waliolisimulia kutoka upande huu, akiwemo Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya vita vile vya Wadachi. Bila wasimulizi wa aina yake, tungebaki kama Iwi katika historia yetu wenyewe.

Najua pingamizi nitakalopewa. Wako watakaosema sinema ni burudani, na kijana aliyeshinda baharini ana haki ya kutazama sokwe na mjusi wakipigana bila mhadhara. Nakubaliana nao. Mimi pia nilipiga makofi kibandani. Sidai filamu zipigwe marufuku, na sitaki vijana waone haya kwa kuzifurahia. Ninachosema ni kwamba hadithi hufundisha mazoea ya kufikiri. Anayezoea kuona maafa yakianguka bila mwanzilishi, na wenyeji wakinyamaza hadi shujaa mgeni afike, ataona kawaida pia pale taarifa ya halmashauri itakaposema kwa ufupi kwamba kisiwa kimepotea.

Wengine watasema umaskini ndio nunda, na kutafuta watu wa kulaumu ni kupoteza wakati. Umaskini ni kweli, na mwenye njaa hawezi kusubiri matumbawe yaote. Lakini umaskini nao ni neno lisilo na mtendaji. Anayenunua jarife kwa mkopo, anayepanga bei ya samaki alfajiri ufukoni, anayeamua ni barabara ipi itengenezwe ili samaki wafike sokoni kabla hawajaoza: hao wana majina na vyeo. Tukiwataja tunaweza kuzungumza nao.

Jambo hili lina uharaka wake sasa. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda limepangwa kuishia Chongoleani, Tanga, ambako meli zitapakia mafuta hayo. Sisemi bomba ni dubwana. Nchi maskini zina haki ya kutumia mali yao, na wapo vijana wa Tanga waliopata ajira humo. Nasema paka huulizwa habari zake angali paka. Mafuta yakimwagika, mikondo ya bahari haitasoma mipaka ya wilaya wala ya hifadhi. Ni ofisi ipi itakayofika kwanza, kwa vifaa gani, katika muda gani? Mvuvi wa Ushongo atamdai nani, kwa utaratibu upi, na ushahidi wake utapokelewa kwa lugha gani? Majibu yanapaswa kubandikwa kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, yakiwa na vyeo vya wahusika, kabla meli ya kwanza haijang'oa nanga.

Watumishi wa umma ningewashauri watafute filamu nyingine ya Toho, Shin Godzilla ya mwaka 2016, iliyotengenezwa baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya nyuklia ya Fukushima ya mwaka 2011. Humo dubwana, lililolishwa taka za nyuklia zilizotupwa baharini, linapanda mtoni kuingia mjini huku serikali ikihama kutoka chumba kimoja cha mkutano kwenda kingine, ikitafuta kifungu cha sheria na idhini ya ngazi ya juu. Aliyewahi kukaa katika kikao cha maafa chenye posho na chai atacheka, kisha atanyamaza. Filamu hiyo haiwadhihaki watumishi kwa chuki. Mwishoni ni watumishi wa ngazi za kati, wakaidi na wasiolala, ndio wanaopata njia ya kulisimamisha dubwana. Imeandikwa na mtu anayeamini kwamba dola inaweza kufanya kazi, na kwa hiyo ana haki ya kuikasirikia.

Basi yapo mambo matatu ninayoyaomba. Kwenu wanafunzi: andikeni habari za vijiji vyenu kwa kauli ya kutendwa. Nendeni kwa wazee wa Maziwe, maana waliokanyaga kisiwa kile kikiwa na mivinje wangali hai, na waulizeni nani alikata, alimuuzia nani, mashua zilishusha wapi. Kumbukumbu hiyo haitangoji shahada zenu. Kwenu wanaharakati: msiwasemee watu wa pwani kama rubani yule alivyowasemea Iwi. Wapelekeni kwenye vikao wakaseme wenyewe, kama wanakijiji wa Odo, nanyi mkae nyuma mkiwashikia mikoba. Kwenu watumishi wa umma: katika taarifa inayofuata mtakayoitia saini, tafuteni kila kitenzi kinachoishia kwa "-ika" na "-eka", na mbele ya kila kimoja jiulizeni kama hakuna mtu aliyejificha nyuma yake. Mkimkuta, mwandikeni. Mkizuiwa kumwandika, basi mmekwisha kujua paka ni wa nani.

Na yule mzee wa Ushongo anastahili jibu. Picha yetu haijatengenezwa, ingawa vifaa vyote vipo: bahari, baruti, kisiwa kilichozama, samaki wa kale, na hadithi ya paka wa ikulu ambayo kila bibi wa pwani angeweza kuisimulia vizuri kuliko studio yoyote. Kama kuna kijana anayesoma makala haya mwenye kamera, au hata simu na kipaza sauti cha bei rahisi, aanze na swali lile la mzee. Mimi niko tayari kulipa kiingilio.